Herufi Nene Zilizobanwa na Urefu wa Neno la Kiswahili: Mfano wa Fonti ya Impact

Utangulizi

Mwandishi wa Kiswahili hutumia muda mwingi kuteua neno, lakini ni nadra afikirie umbo la herufi litakalolibeba. Ilhali msomaji hukutana na umbo kabla ya kuifikia maana. Makala haya yanachunguza herufi nene zilizobanwa, zile za vichwa vya habari na mabango, ili kubainisha zinavyolifaa na zinavyolitatiza neno la Kiswahili. Mfano unaotumiwa ni Impact, fonti inayopatikana katika kompyuta nyingi.

Asili na Muundo

Impact ilibuniwa na Mwingereza Geoffrey Lee, na ikatolewa mwaka 1965 na Stephenson Blake, kampuni ya kusubu herufi mjini Sheffield. Lee, aliyefanya kazi katika uwanja wa matangazo ya biashara, alikusudia wino mwingi iwezekanavyo ukae katika nafasi ndogo. Kwa sababu hiyo, nguzo za herufi zake ni nene, matundu ya ndani ni finyu, na kimo cha herufi ndogo ni kirefu kikilinganishwa na kimo cha herufi kubwa. Mikia ya g na p imefupishwa, sawa na nguzo za juu za b na k, ili mistari iweze kupangwa kwa kukaribiana. Impact haikuwa ya kwanza ya aina yake. Compacta ya Fred Lambert ilitangulia mwaka 1963. Kilichoieneza zaidi ni hatua ya Microsoft ya kuijumuisha katika fonti za intaneti ilizotoa bila malipo, mradi ulioanza mwaka 1996.

Manufaa kwa Kiswahili

Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati, ukanushi na yambwa. Tuchukue neno hawakumshughulikia: ni neno moja lenye herufi 18. Lugha inayotenganisha dhana hizo katika maneno manne au matano huweza kuukata mstari popote kati ya maneno hayo. Kiswahili hakina nafasi hiyo. Neno halina budi kuingia zima au kukatwa kwa kistari, jambo lisilopendeza katika kichwa cha habari. Hapa ndipo herufi zilizobanwa zinapofaa, kwani neno refu huenea katika safu nyembamba bila kupunguziwa kimo.

Matatizo Yake

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Herufi ndogo a, e na o hutofautishwa hasa na yaliyomo ndani ya matundu yake, na matundu ndiyo yaliyopunguzwa katika Impact. Fonti hiyo ikiandikwa kwa ukubwa wa matini ya kawaida, au ikitolewa nakala hafifu, matundu huziba. Katika Kiswahili hasara huwa kubwa, kwa sababu irabu moja hubadilisha sarufi nzima: wasoma ni taarifa, wasome ni matakwa. Msomaji asiyeiona irabu ya mwisho hajui kama anaarifiwa au anahimizwa.

Fauka ya hayo, Impact ya Windows ina uzito mmoja tu. Mtumiaji anapobonyeza alama ya kukoleza, programu huzinenepesha herufi ambazo tayari ni nene, na matundu hupungua zaidi. Kosa jingine ni kuibana fonti pana kwa kuivuta katika kompyuta. Nguzo za wima hukonda huku mistari ya mlalo ikibaki na unene wake, na herufi hupoteza uwiano. Herufi iliyobanwa kikweli huchorwa upya kuanzia mwanzo.

Hitimisho

Herufi za aina hii zinafaa kwa maneno machache, makubwa na ya kusomwa kwa mbali. Hazifai kwa aya, tanbihi wala ratiba ya mkutano. Mhariri anayeona kichwa hakitoshi aanze kwa kuitazama sentensi yake: pengine hawakumshughulikia yaweza kuwa walimpuuza, na herufi 8 zikapungua bila fonti yoyote kubanwa. Umbo la herufi humsaidia mhariri aliyekwisha kuteua neno vyema. Haliwezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yake.