Jinsi Sauti Inavyouza Sabuni na Mafuta ya Uso

Katika darasa letu la biashara muhula uliopita tulibishana sana juu ya neno moja: je, kitu kinachotakiwa kuonwa na kunuswa chaweza kuuzwa kwa njia ya masikio peke yake? Sabuni hutazamwa rangi yake, na mafuta ya uso hupakwa kidogo mkononi kabla mtu hajatoa fedha yake. Lakini siku hizi kampuni nyingi za vipodozi zinaanzisha podikasti, yaani kipindi cha mazungumzo kinachowekwa katika mtandao, msikilizaji akakichukua wakati apendao na kukisikiliza akipika au akisafiri. Baadhi ya wenzangu walisema huo ni mchezo wa watu wenye fedha za kutupa. Mimi nilikuwa upande wa pili, na nimeandika makala hii ili kueleza sababu zangu, tena kwa kuwa jambo lenyewe limefika hata nyumbani kwetu.

Kwanza tujue ya kuwa habari hii si ngeni. Tarehe 28 Agosti 1922 kituo cha redio cha WEAF katika mji wa New York kiliuza muda wake wa hewani kwa mara ya kwanza. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Queensboro, iliyotaka kutangaza nyumba zake za ghorofa. Muda si mrefu wakaja wauzaji wa Mineralava, udongo wa kupaka usoni. Hao hawakusimama mbele ya chombo na kusifu udongo wao. Walimtafuta mcheza sinema Marion Davies, naye akawaeleza wasikilizaji jinsi anavyojipamba uso kwa ajili ya sinema. Kisha wakaahidi picha yake yenye sahihi kwa kila atakayeandika barua. Barua zikaja kwa mamia.

Hebu tulifikiri jambo hili. Hakuna msikilizaji hata mmoja aliyeuona uso wa bibi yule usiku ule, na uso ndio uliokuwa unauzwa. Nadhani ndiyo sababu hasa walitamani picha. Mtu akionyeshwa kitu chote mara moja, hamu yake huisha palepale. Akisimuliwa tu, humaliza kazi mwenyewe kwa mawazo yake. Bibi zetu walijua hivyo walipotusimulia hadithi gizani.

Baada ya hapo watengenezaji wa sabuni waliingia kwa wingi, na wengine walipita kiasi. Kulikuwa na kipindi cha muziki cha sabuni ya Palmolive tangu mwaka 1927 hata 1931. Mwimbaji wake wa kike jina lake halisi lilikuwa Virginia Rea, na wa kiume aliitwa Frank Munn. Lakini kipindini walilazimika kuitwa Olive Palmer na Paul Oliver, ili kila watajwapo sabuni nayo itajwe. (Niliposoma habari hii kwa sauti bwenini, mwenzangu mmoja alianza kujiita Bwana Kipande cha Sabuni, na jina hilo limemganda mpaka leo.) Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa njia duni. Mtu kunyang'anywa jina lake ili kitu kipate jina ni jambo la kuchekesha kwanza, lakini likitazamwa sana halipendezi.

Wenye busara zaidi walitambua kwamba yafaa kumpa msikilizaji kitu chenye thamani, na bidhaa ikae pembeni. Kampuni ya Procter & Gamble ilianzisha mwaka 1933 mchezo wa redio ulioitwa Ma Perkins, habari za mama mjane mwenye kiwanja cha kuuza mbao katika mji mdogo. Ulidhaminiwa na sabuni ya unga ya Oxydol, ukasikika kwa robo saa siku tano za juma, hata ulipokoma tarehe 25 Novemba 1960. Mama yule mzee aliigizwa miaka yote hiyo na Virginia Payne, ambaye alipoanza alikuwa na umri wa miaka 23 tu, miaka minne zaidi yangu mimi. Wanawake waliokuwa wakifua na kupika walimsikiliza kama jirani aliyepita kuwaamkia. Michezo ya namna hii ndiyo Wamarekani waliyoibandika jina la sabuni, na jina hilo limebaki hata leo katika televisheni.

Sabuni ya uso ya Lux nayo ilikuwa na jumba lake la michezo redioni, kuanzia 1934 hata 1955. Mwaka 1936 walihamia Hollywood, mtengeneza sinema Cecil B. DeMille akawa mwenyeji wa kipindi. Mchezo ulipokwisha aliongea na wachezaji mashuhuri, na katika maongezi hayo neno la sabuni likapenyezwa kama kwamba limejitokeza lenyewe. Hapa ndipo penye shida ambayo nitairudia baadaye. Sheria ya redio ya Marekani ya mwaka 1927 ilikwisha kuamuru kwamba neno lolote lililolipiwa litangazwe kuwa limelipiwa, na nani amelilipia. Watu hawatungi sheria ya namna hiyo ila wameona hatari.

Sasa tuje kwenye podikasti. Jina hili liliandikwa na Ben Hammersley katika gazeti la Guardian la Uingereza mwezi wa Februari 2004, akitafuta neno la kuitia desturi mpya ya watu kuweka sauti zao mtandaoni. Mwezi wa Juni 2005 kampuni ya Apple iliziingiza podikasti katika programu yake ya iTunes, na katika siku mbili za kwanza watu walijiandikisha mara milioni moja. Tofauti yake na redio ni hii: redio ni kama basi, ukichelewa umeachwa, podikasti ni kama barua, inakungoja. Tena mwenye kipindi hahitaji mnara wala leseni ya mawimbi. Anahitaji mahali pa kuweka faili la sauti, na waraka mdogo unaoziambia simu za wasikilizaji kwamba faili jipya limefika.

Kwa upande wa vipodozi nitatoa mfano mmoja. Mwaka 2018 maduka ya Sephora, yenye asili ya Ufaransa, yalitoa podikasti kwa ushirika na kampuni ya Girlboss ya Marekani. Iliitwa #LIPSTORIES, jina lilelile la rangi yao ya midomo. Mtu angetazamia kusikia habari za rangi tu, lakini wanawake walioalikwa walizungumza juu ya maisha yao na kazi walizozianzisha. Ni njia ya Ma Perkins ileile, ila mara hii watu ni wa kweli na jina la bidhaa limekaa juu ya mlango.

Huenda mtu akauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi wa kaskazini mwa Uganda? Mama yangu mdogo hutengeneza mafuta ya shea, ambayo kwetu twayaita moo yaa. Mti huu wa kwetu ni wa jamii inayoota upande wa mto Nile, na mafuta yake ni laini kuliko yale ya Afrika ya Magharibi. Wanawake huokota matunda yakidondoka, hukausha kokwa, huzikaanga, huzisaga, kisha hukanda kwa maji na kuchemsha mpaka mafuta yaelee juu. Ni kazi ya kuumiza mgongo. Yeye huyatia katika vikopo, na kwa vikopo hivyo analipia karo ya binti zake wawili. Mwaka jana aliniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Wenzangu wanaouza krimu za dukani wana mabango barabarani. Mimi nina mdomo tu. Nisaidie kuutumia."

Basi likizoni tulifanya hesabu. Sauti ya mazungumzo ikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hutumia kilobaiti 8 kila sekunde, yaani kilobaiti 480 kwa dakika. Kipindi cha dakika 15 kitakuwa megabaiti 7.2. Tukikihifadhi kwa ubora mara mbili, ni megabaiti 14.4, na msikilizaji wetu ambaye hununua bando kidogo kidogo atakuwa amelipishwa maradufu bila kusikia tofauti kubwa. Tukachagua 64. Wapenda hesabu wataniunga mkono.

Mahali pa kunasia sauti palitusumbua zaidi. Nyumba ya bati mvua ikinyesha haifai kabisa, na chumba kitupu hufanya sauti irudi kama ya mtu aliye kisimani. Tulipata nafuu katika stoo, kati ya magunia ya kokwa na blanketi tatu zilizotundikwa ukutani. Simu tuliiweka juu ya mto, upana wa kiganja kutoka mdomoni, kidogo upande, ili pumzi isiipige. Jogoo wa jirani hatukuweza kumzuia. Mama mdogo alisema aachwe, maana wasikilizaji watajua kwamba kipindi kimetoka nyumbani kwa watu.

Lugha nayo tuliizungumzia. Mama mdogo husema Kiacholi, na mimi nafuatisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wanunuzi walio Juba na Nairobi. Yeye hasomi maandishi. Nilimwandikia maneno sita tu kwenye karatasi ili asipotee njia, nikamuuliza maswali kama mgeni. Mtu anayesoma karatasi husikika mara moja, hata awe fundi.

Kabla hatujaanza, mfanyabiashara mmoja wa mjini alipata habari akaja. Alikuwa tayari kununua maikrofoni nzuri na kulipia gharama za mwaka mzima. Sharti lake lilikuwa dogo kulitaja: katikati ya mazungumzo mama mdogo aseme kwamba, baada ya kupaka moo yaa, yeye hutumia krimu fulani "ya kung'arisha". Isitangazwe kuwa ni tangazo. Iwe neno la mama kwa mabinti zake.

Wasomaji, krimu za kujichubua mnazijua. Nyingine zimekutwa na zebaki, ambayo huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu mafigo. Nyingine zina haidrokwinoni. Mkataba wa Minamata ulipiga marufuku utengenezaji wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni baada ya mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuvikomesha vyote vyenye zebaki iliyotiwa kwa makusudi, kufikia 2025. Jirani zetu wa Rwanda walianza msako mkali madukani mwishoni mwa 2018. Hata hivyo vikopo vingali vinauzwa chini ya meza, vingine bila jina la aliyevitengeneza. Binti mkubwa wa mama mdogo ana miaka kumi na sita, ni mweusi kama mamaye, na shuleni kwao wanamtania kwa hilo.

Mimi nilifanya hesabu upesi: maikrofoni, gharama za mwaka, na karo ya muhula. Mama mdogo alimsikiliza yule bwana mpaka mwisho, akampa chai, kisha akamwuliza, "Wewe mkeo anaipaka?" Bwana akacheka, akasema mkewe hana haja nayo. "Basi na mimi sina haja nayo," akamjibu. Tukabaki na simu yetu juu ya mto.

Hapa ndipo nawajibu wale wenzangu wa darasani. Bango la barabarani kila mtu hujua ni bango. Lakini sauti iliyo karibu na sikio, ya mtu uliyemzoea juma baada ya juma, huaminiwa kama ya ndugu. Nguvu yake yote ni hiyo, na ndiyo aliyotaka kuinunua yule bwana. Kwa hiyo tumeamua kwamba kila kipindi kianze na maneno haya: "Mimi ni mwuza mafuta, na mafuta ninayoyasema ni yangu." Rafiki yangu mmoja aliona maneno hayo yatafukuza watu. Hayajafukuza. Dada mmoja wa Juba alituma ujumbe kwamba aliposikia hivyo ndipo alipoamua kusikiliza mpaka mwisho.

Tumekwisha kutoa vipindi vitatu. Cha kwanza kilieleza jinsi ya kutambua mafuta yaliyochanganywa. Cha pili kilihusu kutunza nywele za watoto. Cha tatu kilihusu mti wenyewe, ambao huchukua miaka kumi na mitano na zaidi kabla ya kuzaa vizuri, lakini mwenye shoka huumaliza asubuhi moja kwa ajili ya makaa. Mwaka 2023 serikali ilikataza uchomaji wa makaa ya biashara katika kaskazini yetu. Mama mdogo alitaja makatazo hayo, kisha akasimulia miti aliyoijua utotoni, mmoja mmoja, na mahali uliposimama. Kipindi hicho hakikutaja kikopo hata mara moja, nacho ndicho kilichopelekwa kutoka simu hata simu kuliko vingine. Juma lile aliuza vikopo thelathini na vinne, ambapo kwa kawaida huuza ishirini.

Cha nne tutakinasa likizo ya Agosti, kwa kuwa simu haziruhusiwi bwenini. Ataongea na binti yake mkubwa juu ya rangi ya ngozi. Binti ndiye aliyeomba, na amesema yeye ndiye atakayeuliza maswali, mimi nishike simu tu.