Kifaranga Huyu Alilala Wapi Jana?

Mwenye duka la pembejeo kule Tegeta, Bunju au Mbagala Rangi Tatu, jijini Dar es Salaam, mara nyingi hatotoleshi vifaranga mwenyewe. Anaandika oda, anapokea malipo ya awali, na siku ikifika gari linamletea maboksi. Kwa hiyo kabla ya bei, muulize: wametotolewa lini, kituo gani, na jana walilala wapi? Kifaranga hutoka kwenye yai akiwa na akiba ya kiini tumboni, ndiyo maana husafirishwa bila kula. Akiba hiyo inamtosha siku mbili hadi tatu tu, na joto la Dar humkausha maji haraka. Boksi la juzi lililoachwa na mteja asiyetokea huwa linapunguzwa bei. Liache.

Omba boksi lifunguliwe mbele yako. Kifaranga mzima ana macho maang'avu, manyoya makavu, miguu isiyosinyaa, na kitovu kilichofunga bila kidonda wala unyevu. Mlaze chali kiganjani: mwenye nguvu hujigeuza hapo hapo, dhaifu hubaki akipigapiga miguu. Risiti iandike aina. Wa nyama huuzwa akiwa na wiki tano au sita. Wa mayai huanza kutaga kwenye wiki ya 18 hadi 20, na hapo ndipo wengi hugundua kuwa waliuziwa majogoo. Chotara kama Sasso na Kuroiler wanavumilia zaidi mazingira ya uani, ila nao wanataka chakula cha kutosha. Ukiwaachia wajitafutie, watadumaa.

Oktoba 2017 serikali iliteketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga. Picha zile ziliumiza watu wengi, nami nikiwemo. Lakini zuio la kuingiza vifaranga lilikuwapo tangu 2006, kwa hofu ya mafua ya ndege. Anayekuuzia kwa bei ya kutupa bila kutaja kituo alikowatoa, huenda anakuuzia na ugonjwa.

Nyumbani bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, iwe imewashwa kabla hujaenda dukani, maranda yakiwa makavu na maji yameshawekwa. Wiki ya kwanza vifaranga wanahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Usipokuwa na kipimajoto, wao wenyewe watakuonyesha. Wakirundikana karibu na chanzo cha joto wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika na kula, umepatia. Usidhani mchana wa Dar unatosha. Usiku wa masika, upepo ukipita chini ya mlango, ndio unaoua. Na kama unatumia jiko la mkaa, acha tundu la hewa juu ya ukuta, wala mtu asilale chumba hicho: moshi usioonekana wa mkaa unaua watu sawa na kuku.

Kuhusu chanjo sina maneno laini. Ugonjwa wa kideri ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kulimaliza lote ndani ya wiki, na dawa yake haipo. Ratiba iliyozoeleka ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kisha unarudia kideri siku ya 21 na gumboro siku ya 28. Muulize afisa mifugo wa kata yako kama kwenu inahitaji kubadilishwa. Nunua kichupa kilichotoka kwenye friji, kibebe na barafu, na kama umeme ulikatika dukani tangu jana, nenda duka jingine. Chanjo ya kunyweshwa ni viumbe hai, na klorini ya maji ya bomba inaviua. Tumia maji ya kisima safi, au ya bomba yaliyokaa wazi usiku kucha. Wanyime vifaranga maji saa moja au mbili kwanza, ili waimalize chanjo kabla ya saa mbili kupita. Kichupa cha dozi 100 au 200 kwa kuku thelathini ni hasara, hivyo elewana na majirani mchanje siku moja. Kwa kuku wa kienyeji iko chanjo ya kideri iitwayo I-2, ya tone la jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu; inahimili joto kuliko nyingine.

Ukinunua na mche wa nyanya, nao una historia yake. Chagua wenye wiki nne au tano, mfupi, shina nene, majani ya kijani. Mrefu mwembamba ulinyimwa jua. Wenye maua umekaa sana kwenye trei. Geuza jani utazame chini yake: inzi weupe ndio wanaoleta rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja, nao hautibiki. Ukiona michirizi ya kantangaze, mdudu anayetoboa majani, usiupeleke mche huo shambani kwako. Ukiotesha mwenyewe, tafuta kwenye pakiti lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Tengeru 97 na Tanya zimezoeleka na bei yake inashikika. Huku pwani, miche iliyohamishwa Juni hupata baridi kidogo. Ile inayotoa maua kwenye joto la Januari huyapukutisha.

Wengi hununua vyote viwili ili mbolea ya kuku iende kwenye nyanya, na ni wazo jema. Ila mbolea mbichi huunguza mizizi. Irundike, inyunyizie maji, igeuze, uiache mpaka ipoe na harufu ikatike. Na zungushia bustani wavu, maana kuku watakula miche asubuhi moja tu.

Kabla ya kulipia trei ya miche, kumbuka kama pale unapotaka kupanda nyanya ziliwahi kunyauka zikiwa bado kijani. Kama jirani ana mmea unaonyauka hivyo sasa hivi, kata kipande cha shina karibu na ardhi ukitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Kwenye udongo wenye ugonjwa huo usipande nyanya, bilinganya wala pilipili. Weka mahindi, na nyanya zako zipande kwenye ndoo zenye udongo uliotoka kwingine.