Mwanagenzi wa Miradi na Mifuko Tisa ya Saruji

Somo la robo hii linahusu jambo ambalo kwa kawaida haliingii katika taarifa zetu. Tumezoea kuwaandikia juu ya jengo lililokamilika, tukiweka na picha ya wanakamati wamesimama mlangoni. Mara hii tunaandika juu ya namna mtu anavyojifunza kusimamia mradi. Tumemfuatilia binti mmoja wa parokia, mkazi wa Kalangalala, ambaye mwaka 2021 alianza uanagenzi wa miaka mitatu katika kampuni ya uhandisi yenye kazi za ujenzi mjini Geita. Jina lake na la kampuni tunayahifadhi.

Kalangalala ni kata ya mji wa Geita. Tangu mgodi mkubwa uanze uzalishaji mwaka 2000, na hasa tangu Geita iwe mkoa mwaka 2012, hapa kila mwaka kuna jengo linalopanda. Hata hivyo vijana wetu wengi huona njia mbili tu: kuajiriwa mgodini, au kwenda kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo huko Nyarugusu na Rwamgasa. Wachache hufikiri kwamba kupanga na kusimamia kazi ni kazi yenyewe, yenye ujuzi wake.

Mafunzo yenyewe

Anayemaliza shahada ya uhandisi hapa nchini hawi mhandisi mtaalamu siku ya mahafali. Ni lazima kwanza afanye kazi chini ya wazoefu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) ilianzisha mpango wa uanagenzi unaojulikana kwa kifupi kama SEAP. Kwa miaka mitatu mhitimu huwekwa chini ya mhandisi anayemwongoza, naye huandika katika daftari lake kazi alizofanya. Kwa vijana wasio na shahada ipo njia ya VETA, na mwaka 2017 ulitolewa mwongozo wa kitaifa wa uanagenzi, ambao unamtaka mwanafunzi agawe muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi.

Binti yetu alipangwa chini ya meneja wa miradi. Miezi ya mwanzo ilimvunja moyo. Alidurufu makaratasi, aliandika mahudhurio ya vibarua, alipeleka barua. Alitupigia simu akisema chuoni alifundishwa kukokotoa mihimili, na sasa anahesabu watu wanaokuja kazini. Tulimwambia avumilie, lakini tukiri kwamba hata sisi tulidhani anapotezewa muda.

Tulikosea. Yale mahudhurio ndiyo yaliyokuwa somo. Meneja alimtaka aandike shajara ya kazi kila jioni kabla ya kuondoka: hali ya hewa, idadi ya mafundi na vibarua, vifaa vilivyoingia, kazi iliyofanyika, na kazi iliyosimama pamoja na sababu yake. Hakuruhusiwa kuandika mambo ya Jumatatu siku ya Ijumaa. Meneja alisema mwenye kufanya hivyo anatunga hadithi.

Siku moja lori la nondo kutoka Mwanza lilikwama kwenye foleni ya kivuko upande wa Kigongo. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa (lilifunguliwa Juni 2025), kwa hiyo foleni ya kivuko ilikuwa sehemu ya maisha. Mafundi walikaa kutwa nzima na walipaswa kulipwa. Bosi hakumlaumu dereva. Alimwita mwanagenzi, akamwambia afungue shajara za miezi miwili, ahesabu ni mara ngapi shehena ya Mwanza ilichelewa na kwa siku ngapi. Kuanzia hapo nondo ziliagizwa siku tatu mapema. Kwenye karatasi ya mpango wa kazi iliyobandikwa ukutani, ile ya mistari ambayo wahandisi huiita chati ya Gantt, badiliko hilo lilikuwa kamstari kafupi tu. Lakini nguzo zinasubiri nondo, zege linasubiri nguzo kufungwa, na malipo ya mkandarasi yanasubiri zege. Kamstari hako kaliokoa kazi yote iliyofuata.

Baada ya hapo alikabidhiwa daftari la stoo, akalilinganisha na vipimo vya kazi iliyofanyika. Huo ndio ujuzi alioleta nyumbani.

Sakafu ya chekechea

Mwaka wake wa tatu, kamati ya parokia ilikuwa inajenga darasa la chekechea, na tuliomba awe anapita siku za Jumamosi. Sakafu ilikuwa na urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na unene wa sentimita 10. Hizo ni mita za ujazo 4.8. Kwa zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, mita moja ya ujazo hula kama mifuko sita na nusu ya kilo 50. Kwa hiyo sakafu nzima ilihitaji mifuko 31, tuseme 32 pamoja na ya kumwagika. Daftari la kamati lilisema sakafu imekula mifuko 41.

Taarifa hiyo ya mifuko 41 ilikwisha kupita mezani kwetu. Tuliinakili na kuituma kwa wafadhili bila kuuliza swali lolote.

Mtunza hazina ni mzee anayeheshimika, rika la baba yake. Binti alimwendea na daftari mkononi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Nasikia umekuja kutuhesabu. Nani amekutuma?”

Alijibu kwamba anafanya kama alivyofundishwa kazini, na kwamba huko hata meneja mwenyewe huhesabiwa. Mzee hakuridhika. Jioni ile tulipigiwa simu na wajumbe wawili wa kamati. Mmoja alituambia wazi kwamba tumemtuma mtoto kuwaita wazee wezi. Tulikuwa karibu kumwomba binti aache. Parokia isiyoelewana ni hasara kubwa kuliko mifuko tisa, ndivyo tulivyofikiri usiku ule.

Yeye aliomba Jumamosi moja zaidi. Hakurudi kwa mtunza hazina, alikwenda kwa fundi mkuu, na wakatembea pamoja eneo lote la ujenzi. Mifuko sita ilikutwa kwenye choo: fundi aliitumia kupiga lipu kwa sababu saruji ya choo ilichelewa, na hakuna aliyeandika. Mitatu ilikuwa stoo, imeganda kama mawe. Ilipangwa chini sakafuni, ikagusa ukuta, na mvua za Machi ziliingiza unyevu. Hakuna aliyeiba hata kilo moja.

Mtunza hazina alipoonyeshwa alikaa kimya kidogo, kisha akasema jambo ambalo tungependa kila kamati ilisikie. Alisema kwa wiki mbili alikuwa halali vizuri, kwa sababu hata yeye hakujua mifuko ile imekwenda wapi, na kama angeulizwa na Padri asingekuwa na jibu. Daftari lililompa hasira ndilo lililomsafisha.

Sasa stoo ina mbao za kuinulia mifuko, na mifuko haigusi ukuta. Kila Jumamosi mtunza hazina na fundi hutia sahihi pamoja. Kijana aliyemaliza kidato cha nne ndiye anayeandika, naye hulipwa nauli na chakula cha mchana.

Kwa wafadhili wetu

Hapo kwenye nauli na chakula ndipo tuna ombi. Katika bajeti mbili tulizowasilisha, mstari wa posho ya mwanagenzi ulikatwa kwa kuwa ulihesabiwa kama gharama za utawala. Tunaelewa hofu ya fedha kuishia ofisini. Lakini posho hiyo ilikuwa ndogo kuliko bei ya saruji iliyoganda kwenye stoo moja, na kijana huyo atakuwepo Kalangalala hata baada ya mradi kufungwa. Tutaurudisha mstari huo katika bajeti ijayo, tukiambatanisha kurasa za daftari lake ili muone wenyewe anachofanya.

Kwa kamati, tunapendekeza zoezi moja katika mkutano ujao. Chukueni futikamba, pimeni sakafu ya mwisho mliyomwaga, pigeni hesabu ya saruji kama tulivyoonyesha hapo juu, kisha fungueni daftari. Zikitofautiana, msianze na mtunza hazina. Anzeni kwa kuzunguka eneo la kazi pamoja na fundi, na msisahau kuangalia choo.