Nguvu za Mababu na Nguvu za Wajukuu

Kisesa ni mji mdogo katika wilaya ya Magu, kwenye njia kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Karibu nao ni Bujora, ambapo katika miaka ya 1950 Padre David Clement alianza kukusanya vyombo vya kale vya Wasukuma, visije vikapotea. Kila mwaka mwezi wa Juni watu wengi hukusanyika huko kwa sikukuu ya Bulabo, na makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kuvuta watazamaji. Miongoni mwa ngoma zao imo bugobogobo, ambayo wachezaji wake hushika majembe, wakayainua na kuyazungusha kwa kufuata mlio wa ngoma. Asili yake ni shambani. Wakulima walilima pamoja kwa safu, na mpiga ngoma akawatia moyo wasilegee.

Mtu atazamapo majembe yale hujiuliza neno. Wazee husema ya kwamba watu wa zamani walikuwa na nguvu kuliko watu wa leo. Vijana nao hujibu ya kwamba watu wa leo ni wakubwa zaidi, nao huwataja wachezaji wa nchi za mbali. Ni nani asemaye kweli? Shauri hili halikatwi kwa maneno matupu. Hukatwa kwa mizani na kwa kipimo cha urefu. Basi na utazamwe mchezo mmoja ambao watu wake wamepimwa kwa miaka mingi, yaani mchezo wa raga.

Raga huchezwa na watu 15 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji ana ruhusa kuuchukua mpira mikononi na kukimbia nao, na wapinzani wake wana ruhusa kumkamata na kumwangusha chini. Tena wako watu 8 wa mbele, ambao huinama, wakashikana mabega na kusukumana na wenzao wa upande wa pili kama mafahali. Kwa hiyo uzito wa mwili ni jambo kubwa katika mchezo huu.

Waingereza ndio walioleta raga Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni. Mwaka 1955 timu ya British Lions, iliyokusanya wachezaji hodari wa Uingereza, Uskoti, Welisi na Ayalandi, ilipita Nairobi ikitoka Afrika ya Kusini, ikacheza na timu ya Afrika ya Mashariki na kuishinda. Wataalamu waliochunguza uzito wa wachezaji wa timu za taifa waliona ya kwamba katika mwaka ule ule wa 1955 wastani wa uzito wa mchezaji mmoja ulikuwa kilo 84.8. Hata ulipofika mwaka 2015, wastani ulikuwa kilo 105.4. Yaani katika miaka 60 kila mchezaji aliongezeka kilo 20.6. Mwanafunzi akizidisha hesabu hiyo kwa watu 15, atapata kilo 309 kwa timu moja. Ni kana kwamba timu ya mwaka 2015 iliingia uwanjani na uzito wa timu ya mwaka 1955, kisha ikaongezewa magunia matatu ya mahindi ya kilo 100, na kilo 9 juu yake.

Mtu aliyewafumbua watu macho katika jambo hili ni Jonah Lomu wa New Zealand. Kimo chake kilikuwa mita 1.96, na uzito wake ulikaribia kilo 120. Wakubwa kama yeye walizoea kuwekwa mbele, mahali pa kusukumana. Lakini yeye alicheza pembeni, mahali pa wenye mbio, naye alikuwa na mbio kweli. Tarehe 18 Juni 1995, katika Kombe la Dunia huko Afrika ya Kusini, New Zealand ilikutana na Uingereza mjini Cape Town. Lomu peke yake alivuka mstari wa wapinzani mara nne. Tangu siku ile kila timu ilitamani kuwa na mtu wa namna yake.

Je, damu ya watu ilibadilika katika miaka hiyo 60? La, hasha. Miaka 60 ni vizazi viwili au vitatu tu, na urithi wa mwili haugeuki upesi hivyo. Sababu ni nyingine, nazo ni tatu.

Sababu ya kwanza ni kuchagua. Timu haichukui kila mtu. Huchukua wale iwatakao. Timu zilipoona ya kuwa wazito hushinda, ziliwatafuta wazito na kuwaacha wepesi. Mtu akichagua viazi vikubwa tu gunia zima na kuvipanga sokoni, mnunuzi asidhani ya kwamba shamba lote limezaa viazi vya ukubwa ule. Vivyo hivyo kipimo cha timu si kipimo cha taifa.

Sababu ya pili ni mazoezi. Kwa miaka mingi wachezaji wa raga hawakulipwa ujira. Walikuwa waalimu, wakulima, waganga na wachimba makaa, nao walifanya mazoezi jioni baada ya kazi zao. Mwezi wa Agosti 1995 wakuu wa mchezo huo waliondoa katazo la malipo. Tangu hapo mchezaji aliweza kuufanya mchezo kuwa kazi yake ya kila siku. Asubuhi huinua vyuma vizito, mchana hupumzika, jioni hurudia. Misuli ibebapo mzigo kuliko ilivyozoea, nyuzi zake huumia kidogo kidogo. Kisha mwili huzitengeneza wakati wa mapumziko, na kuzifanya nene zaidi. Hivyo kuinua bila kupumzika hakufai, na kupumzika bila kuinua hakufai. Tena sheria za mchezo siku hizi huruhusu wachezaji 8 wa akiba kuingia mahali pa waliochoka. Kwa sababu hiyo mtu mzito sana hana haja ya kudumu uwanjani dakika zote 80.

Sababu ya tatu ni chakula. Misuli haijengwi kwa upepo. Hujengwa kwa vyakula kama nyama, samaki, maziwa, mayai na maharagwe, navyo wachezaji wa leo hupimiwa vyakula hivyo kila siku.

Liko jambo moja linalothibitisha maneno haya. Wachezaji wa Kombe la Dunia walipimwa kutoka mwaka 1987 hata mwaka 2007. Katika miaka hiyo 20 watu wa mbele waliongezeka uzito zaidi ya kilo 6 na nusu, lakini urefu wao haukuzidi hata sentimita moja. Maana yake nini? Mazoezi humnenepesha mtu mzima misuli, lakini hayawezi kuurefusha mfupa uliokwisha kukoma kukua. Urefu wa mtu una wakati wake, na wakati huo ni utoto.

Walakini ukubwa huo una gharama. Mtu wa kilo 105 akimgonga mwenzake, pigo lake ni zito kuliko la mtu wa kilo 85 aendaye kwa mwendo ule ule. Misuli huweza kuongezwa, lakini ubongo haufanyiwi mazoezi ukawa mgumu. Steve Thompson alikuwa katika timu ya Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003. Mwaka 2020, akiwa bado mtu wa makamo, alieleza ya kwamba amepata ugonjwa wa kusahau, wala haikumbuki mechi ile ya ushindi. Jonah Lomu naye, pamoja na ukubwa wake wote, aliugua figo miaka mingi, akafa mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 40. Basi mwanafunzi asidhani ya kwamba ukubwa na afya ni kitu kimoja.

Wala ukubwa na ushindi si kitu kimoja. Kuna raga ya namna nyingine, ichezwayo na watu 7 kila upande katika uwanja ule ule mpana. Hapo nafasi ni nyingi na watu ni wachache, na mzito huachwa nyuma akihema. Timu ya Kenya ilijipatia sifa kubwa katika mchezo huo. Tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, iliishinda Fiji kwa 30 kwa 7, ingawa Fiji ilijulikana kuwa miongoni mwa timu hodari kuliko zote duniani. Kazi ikibadilika, mwili utakiwao hubadilika nao.

Neno hilo huwarudisha wasomaji Kisesa, kwenye majembe ya bugobogobo. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walisifiwa kuwa wapagazi hodari. Mpagazi aliweza kubeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, akatembea nao siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, mpaka akafika pwani. Mtu yule hakuhitaji kilo 105 za mwili. Mwili mkubwa hivyo ungekuwa mzigo wa pili. Alihitaji miguu isiyochoka, moyo wenye kudumu na pumzi nyingi. Mkulima wa jembe naye ndivyo alivyo: hahitaji pigo moja kubwa, bali mapigo elfu yasiyolegea. Kwa hiyo mzee asemapo ya kwamba watu wa zamani walikuwa na nguvu, asema kweli, maana kazi iliwapa nguvu za kudumu. Kijana naye asemapo ya kwamba wachezaji wa leo ni wakubwa, asema kweli, maana wamechaguliwa, wamezoezwa na wamelishwa. Lakini wote wawili wakidhani ya kwamba damu imegeuka, wamekosea.

Limebaki swali moja, nalo ni kubwa kuliko hayo yote. Ikiwa wachezaji ni watu wachache waliochaguliwa, je, taifa zima laweza kukua? Laweza. Wanawake wa Korea ya Kusini waliozaliwa mwaka 1996 waliwazidi wale waliozaliwa mwaka 1896 kwa urefu wa sentimita 20 hivi. Hao ni watu wa damu moja. Kilichobadilika ni chakula, maji safi na uponyaji wa magonjwa. Mtoto huanza kujengwa angali tumboni mwa mama yake, na siku 1,000 za kwanza, tangu kutungwa mimba hata kutimiza miaka miwili, ndizo zenye kuamua mengi. Samaki mkunje angali mbichi.

Katika Tanzania, mwaka 2010, watoto 42 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko iwapasavyo kwa umri wao. Mwaka 2015 hata 2016 walikuwa 34, na mwaka 2022 walikuwa 30. Hesabu inashuka, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini watoto 30 katika 100 ni wengi bado. Udumavu huo hauzuii urefu tu, bali hudhoofisha akili na nguvu za kujifunza.

Watu wa pwani ya Ziwa Victoria wana silaha nyingi za kupigana na adui huyo. Dagaa wa ziwani, mtu akiwasaga na kuwatia katika uji au mboga ya mtoto, humjenga mwili. Yako maziwa ya ng'ombe, ziko karanga, maharagwe, mayai na mboga za majani. Ugali au viazi peke yake hushibisha tumbo, lakini havitoshi kujenga mwili. Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha achanganyiwe vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya hata miaka miwili. Mama mwenye mimba asinyimwe samaki wala mayai, maana anakula kwa ajili ya wawili. Tena yuko mwizi wa nguvu akaaye majini, naye ni kichocho. Mtoto achezaye katika maji yenye konokono wa ugonjwa huo hupungukiwa damu na nguvu, na huweza kudumaa. Kwa hiyo watu watumie choo wasiyachafue maji, na wanafunzi wazimeze dawa zake zigawiwapo shuleni.

Mwenyezi Mungu hakumpa kila mtu kimo cha Jonah Lomu, wala hakumtaka kila mtu awe nacho. Lakini kila mtoto amepewa kimo chake mwenyewe, na ni haki yake kukifikia. Mwili wa mchezaji hujengwa uwanjani. Mwili wa taifa hujengwa jikoni, katika bakuli la mtoto mdogo. Mwanafunzi mwenye ndugu mchanga nyumbani anaweza kuanza kazi hiyo leo.

MASWALI

1. Kwa nini uzito wa mwili ni jambo kubwa katika raga ya watu 15?
2. Taja sababu tatu zilizofanya wachezaji wa raga kuwa wazito kuliko wa zamani.
3. Watu wa mbele 8 wa timu ya mwaka 2015 waliwazidi wenzao wa mwaka 1955 kwa kilo ngapi, ikiwa kila mmoja aliongezeka kilo 20.6?
4. Kwa nini mpagazi hakuhitaji mwili mkubwa kama wa mchezaji wa raga?
5. Eleza maana ya maneno haya: "Kipimo cha timu si kipimo cha taifa."
6. Andika vyakula vitano vipatikanavyo karibu na kwenu vinavyojenga mwili wa mtoto.