Dondoo muhimu: Kisu cha kukunja kwa anayetembea Jozani

Mpenzi wa visu huanza na kikubwa, cheusi, chenye bapa nene na mlio mkali kinapofunguka. Akishauzoea unyevunyevu wa Unguja, huyo huyo hutafuta kidogo, chembamba, kisichoshika kutu upesi. Kama ndiyo kwanza unanunua, jiepushie gharama hiyo ya katikati.

• Tazama chuma kabla ya sura. Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika na ambacho sasa hutoka Afrika Kusini, kina bapa la chuma cha kaboni. Hunoleka vizuri mno, ila hewa ya chumvi hulitia madoa haraka. Opinel ya Ufaransa huuzwa kwa chuma cha kaboni na cha pua. Huku kwetu chukua cha pua.

• Umetoka kwenye mikoko? Kisuuze kwa maji baridi, kipanguse, kiache wazi kikauke. Kutu huanzia kwenye bawaba, jicho lisikofika. Tone moja la mafuta ya cherehani latosha. Mafuta ya nazi hunata na kukusanya mchanga.

• Bapa la sentimita 7 au 8 humenya chungwa bila taabu. Dafu ni kazi ya panga.

• Kabla ya kulipa, kifungue, ukandamize mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza. Komeo likilegea, kirudishe.

• Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004: usichonge jina kwenye mti wowote.