SOMO LA MWEZI: Kodi ya Vyumba, Mume na Mke



Huku kwetu, kutoka Ukunda na Diani hadi Msambweni, familia nyingi zina vyumba vya kupangisha. Basi watu huuliza: "Nikiandikisha vyumba kwa jina la mke wangu, ushuru si utapungua?" Tusome pamoja. Hapa, kodi ni pesa za mpangaji. Za serikali tunaziita ushuru.

1. Sheria yasemaje?

Tangu 2021, mwenye kupata kodi zaidi ya Sh. 288,000 kwa mwaka, hadi milioni 15, hulipa ushuru kila mwezi, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5 ya kodi yote. Gharama za fundi, rangi au mabati hazitolewi.

Tuseme bwana ana vyumba 10 vya Sh. 3,500. Kodi ni 35,000. Ushuru ni 2,625 kwa mwezi, yaani 31,500 kwa mwaka. Akimpa mkewe vyumba vyote, mama atalipa hizo hizo 2,625. Hakuna kilichopungua.

2. Wakigawana nusu kwa nusu?

Kila mmoja atapata 210,000 kwa mwaka. Hawamo tena katika ushuru wa kila mwezi, lakini wajibu haujaisha: kila mmoja atajaza taarifa ya mwaka kwa PIN yake, ifikapo 30 Juni.

Mama asiye na mapato mengine hatalipa kitu. Asilimia 10 ya 210,000 ni 21,000, na punguzo la kila mtu ni 28,800.

Lakini je, kama bwana ameajiriwa hotelini kwa Sh. 40,000 kwa mwezi? Punguzo lake limekwisha kutumika kwenye mshahara. Fungu lake la kodi litaongezwa juu ya mshahara na kutozwa asilimia 30, baada ya kutoa gharama zinazokubaliwa. Asipokuwa na gharama, ni Sh. 63,000. Hiyo ni mara mbili ya ule ushuru wa mwanzo! Pigeni hesabu kwanza.

3. Kuandika jina ni kutoa mali

Ushuru humfuata mwenye mali. Kubadilisha jina kwenye kitabu cha risiti, au kupokea kodi kwa simu ya mama, hakutoshi. Mwenye hati ya shamba aende ofisi ya ardhi Kwale. Mali ikihama kati ya mume na mke, ushuru wa faida ya mauzo hautozwi. Kwa Waislamu, hiba hutimia mali ikikabidhiwa, si kwa maneno tu.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yasema mali iliyoandikwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa ya wote sawasawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Basi mama akiandikwa, ni mwenye mali kweli: ajue kodi ni ngapi, na aulizwe kabla ya kuuza. Bwana asiyekuwa tayari kwa hayo asimwandike kwa ajili ya ushuru tu.

Maswali ya kujadili kikundini

- Nyumbani kwenu, nani anajua jumla ya kodi?
- Nyote wawili mna PIN?
- Mmoja akifariki leo, karatasi zitasema vyumba ni vya nani?

Kabla ya kubadilisha lolote, peleka hesabu yako ofisi ya KRA uulize viwango vya mwaka huo.