SOMO LA SOKO: Kukisia bei ya mashine mpya ya gemu kabla haijatangazwa

Kila linapokaribia toleo jipya la PlayStation au Xbox, wauzaji wa vifaa vya elektroniki Kariakoo na wenye mabanda ya gemu mitaani huulizana swali moja: tununue sasa, au tusubiri mashine ya zamani ishuke bei? Wiki hii tutaangalia hesabu ambayo kila msomaji wetu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi, badala ya kutegemea uvumi.

Wengi huanza kwa kuuliza mashine mpya itakuwa na nguvu kiasi gani. Mtengenezaji huanza upande wa pili. Kwanza anajiuliza familia ya Marekani, Japani au Ulaya iko tayari kulipa kiasi gani, kisha anatafuta vifaa vinavyoingia katika bei hiyo. Huko Marekani, PlayStation ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1995 kwa dola 299. Ya pili, mwaka 2000, ilikuwa dola 299 vilevile. Ya nne ilikuja mwaka 2013 kwa dola 399, na ya tano, yenye kisoma diski, mwaka 2020 kwa dola 499. Kwa miaka 25 bei ilipanda polepole, wakati uwezo wa mashine uliongezeka mara nyingi mno.

Aliyejaribu kuuvuka mpaka huo aliumia. PlayStation ya tatu ilitoka mwezi Novemba 2006 kwa dola 499 na dola 599. Kampuni ya uchambuzi ya iSuppli iliifungua mashine ile ya dola 599, ikakisia kuwa vifaa na kazi ya kuviunganisha vilifika dola 840. Kisoma diski cha Blu-ray peke yake kilikisiwa dola 125. Maana yake ni kwamba kila mashine iliyouzwa iliondoka na hasara ya zaidi ya dola 240 za Sony. Mwaka 2013 ilipotoka PlayStation ya nne, makisio ya kampuni ya IHS yalikuwa dola 381 dhidi ya bei ya dola 399.

Hasara ya mwanzo si ajabu katika biashara hii. Faida hutafutwa kwenye gemu zenyewe na ada za kila mwezi. Mwezi Mei 2021, ofisa wa Microsoft alieleza mbele ya mahakama ya California, katika kesi ya Epic dhidi ya Apple, kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza Xbox yenyewe. Lakini hasara hiyo ina kikomo, na kikomo hicho ndicho msingi wa makisio yetu.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Kifaa ghali kuliko vyote ni chipu kuu. Chipu hukatwa kutoka kwenye sahani ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300, kama mama anavyokata vipande vya kashata kwenye sinia. Chipu ya Xbox Series X ya mwaka 2020 ina eneo la milimita za mraba 360. Ukiondoa vipande vya pembeni, sahani moja hutoa chipu kama 160. Nyingine huharibika, tuchukulie zinazofaa ni 120. Sasa tufanye mfano: sahani ikiuzwa dola 10,000, chipu moja ni dola 83. Ikiuzwa dola 17,000, chipu ileile ni dola 142. Eneo halijabadilika hata chembe, ila gharama imepanda karibu dola 60. Takwimu za bei hapa ni za mfano tu, lakini mwelekeo ni wa kweli: kila teknolojia mpya ya kutengeneza chipu inakuja na sahani ghali zaidi.

Kifaa cha pili ni memori, na hapa ndipo watabiri wengi walipoanguka. PlayStation ya kwanza ilikuwa na memori kuu ya megabaiti 2. Ya pili 32. Ya tatu 512, ukijumlisha na ya picha. Ya nne gigabaiti 8. Piga hesabu: kila mara ni kuzidisha kwa 16. Aliyefuata mstari huo alipaswa kutarajia PlayStation ya tano yenye gigabaiti 128. Ilitoka na 16, yaani mara mbili tu. Memori ilikuwa imeacha kushuka bei kwa kasi ya zamani, na Sony ikaamua kupeleka fedha kwenye hifadhi ya kasi ya gigabaiti 5.5 kwa sekunde.

Sababu hiyohiyo imevunja desturi ambayo wafanyabiashara wetu waliizoea. PlayStation ya pili ilishuka kutoka dola 299 hadi 199 mwaka 2002, na kufikia dola 99 mwaka 2009. Aliyesubiri alifaidika. PlayStation ya tano imekwenda kinyume: mwaka 2022 ilipanda bei Ulaya na Japani, na mwezi Agosti 2025 ikapanda Marekani kwa dola 50. Xbox Series X ilianza kwa dola 499 mwaka 2020. Kufikia Oktoba 2025 ilikuwa dola 649. Mwishoni mwa mwaka huo memori nayo ilipanda sana, kwa kuwa vituo vya kompyuta vya akili bandia vinagombea bidhaa ileile.

Kwa hiyo makisio yangu kwa mashine zijazo ni haya. Memori haitazidi mara mbili ya ile ya 2020, chipu itakuwa ndogo kwa eneo, na kisoma diski kitauzwa pembeni, kama Sony ilivyofanya kwenye PlayStation 5 Pro ya dola 699 mwaka 2024. Sitarajii bei ya chini ya dola 500, na dola 600 haitanishangaza.

Mwenye hisa akumbuke kuwa Sony na Microsoft zote mbili hununua chipu zilizobuniwa na AMD. Yeyote atakayeshinda, AMD hulipwa. Mwenye banda naye asiuze diski za PlayStation ya nne kwa hofu, maana karibu zote zinachezwa kwenye ya tano yenye kisoma diski. Na mwenye duka anayeagiza Dubai atazame bei ya memori kila mwezi kabla ya kuweka oda. Memori ikipanda, asiache rafu tupu akingojea punguzo. Ikishuka kwa miezi kadhaa mfululizo, apunguze mzigo.